Kwenda Stockholm Kumalizia Maisha ya Ezra Tilbrook

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na Mama Regina ameniuliza hadi kwenye foleni ya maji: je, shemeji ametia sahihi? Nimechoka kujibu kipande kipande, kila mtu akaondoka na chake. Kaeni niwaandikie yote mara moja. Habari za pasipoti na viza siziandiki. Aliyewahi kuzihangaikia anazijua, na ambaye hajawahi asianze kuogopa mapema.

Kwa waliojiunga na kikundi chetu cha kusomeana juzi juzi, nianze na kitabu chenyewe. Shemeji yangu Gervais, mume wa mdogo wangu Yuditha, alikuwa wakili Bujumbura, kisha akawa mbunge, kisha akawa mkimbizi hapa hapa Kigoma. Miaka ile hakuwa na kazi, nami nilikuwa mpiga chapa wa mahakama. Kila Jumamosi alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akanisimulia maisha ya mtu aliyemsoma katika kitabu cha Kifaransa alipokuwa seminari. Mtu huyo ni Ezra Tilbrook, wakili na mtunga sheria wa Marekani ya zamani, nchi yao ilipokuwa bado changa na mahakama zinakaa kwenye nyumba za pombe. Yeye anasema, mimi napiga. Tukafika sura ya saba. Ezra, mtoto wa mtengeneza ngozi, ameshajifunza sheria kwa kunakili hati za wakili mzee. Ameshamtetea mjakazi wa utumwani aitwaye Dina mpaka mahakama ikamwachia huru. Amechaguliwa kwenda bungeni, na amepeleka muswada kwamba wote waliokuwa kama Dina waachiwe. Kesho yake wanapiga kura. Hapo shemeji akanyamaza, na mwaka uliofuata familia ikahamishiwa Sweden.

Sasa niseme lile ambalo sijawaambia. Sura ya nane, ile mliyoipigia makofi, Ezra anaposimama akaunguruma mpaka wabunge wanafuta machozi, niliitunga mimi. Niliona aibu kuwaacha njiani. Mlipoanza kusema kitabu kichapishwe kwa jina la shemeji, usingizi ukanipaa. Miaka thelathini mahakamani ilinifundisha jambo moja: shahidi husomewa maneno yake, akiridhika anatia sahihi, na asipotia, maneno si yake. Kwa hiyo nilikwenda Stockholm kumsomea kitabu chote, nikitumaini akifika sura ya nane atasema vizuri, ndivyo ilivyokuwa, na uongo wangu uishie hapo.

Kigoma hadi Dar

Mlinisindikiza stesheni, mnajua nilivyobeba. Begi la nguo, mfuko wa dagaa wa Yuditha, na taipureta ndani ya sanduku lake. Mliniambia kule watu wote wana kompyuta. Nami nikasema, na bado nasema, siwezi kuandika ushahidi kwenye kitu kinachoweza kuzimika katikati ya sentensi.

Uvinza tulikula wali na samaki wa dirishani. Tabora treni ikasimama kungoja kichwa kingine, tukakaa pale tangu asubuhi hadi jua linaelekea kuzama. Watu wakashuka wakatandika khanga. Mzee mmoja mfanyabiashara wa asali, jirani yangu wa kiti, aliniuliza sanduku lina nini, nilipomwambia akataka asomewe. Nikawasomea sura ya pili, Ezra anaponakili hati mchana kutwa kwenye chumba kisicho na moto, vidole vimekufa ganzi, na bosi wake anamchania karatasi kwa kosa la nukta moja. Nilisoma kwa uchungu, maana bosi wa namna hiyo nami niliwahi kuwa naye. Mzee wa asali akauliza kama huyo Ezra alikuwa na mke. Nilikuwa sijui. Akanitazama kwa huruma, akasema kitabu gani hakisemi mtu alikula wapi akitoka kazini. Tangu hapo kila alipofungua chupa yake alinionjesha, nikafika Dar vidole vinanata.

Angani

Kwenye kiwanja cha ndege kijana wa ukaguzi alifungua sanduku, akarudi nyuma hatua moja. Hajawahi kuona taipureta maishani mwake. Aliita mwenzake, mwenzake akaita mama mmoja mkubwa wao, mnene, mwenye miwani. Yule mama alipoiona uso ukamfunguka. Alisema alianza kazi na mashine hiyo hiyo, akaomba karatasi, akapiga jina lake lote bila kutazama vidole, kisha akafunga sanduku kwa mikono yake mwenyewe. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni. Sikujali hata kidogo.

Ndani ya ndege nilikula nilichopewa na nikamwombea rubani. Tulipobadilishia, ndege ya pili ilichelewa sana, na kuchelewa huko ndiko kulikoniharibia mipango, kama mtakavyoona.

Arlanda, na kupitiliza

Ilikuwa nikutane na mwana wa mdogo wangu, Larissa, pale pale kiwanjani. Ana miaka kumi na sita, alikuja kule akiwa hajaanza shule. Lakini nilipofika muda wake ulikuwa umepita na alikuwa anaingia kwenye mtihani, Yuditha yuko kazini, na shemeji yuko zamu. Larissa alinipigia simu kwa haraka: Mama mkubwa, panda basi mpaka Märsta, pale panda treni, shuka kituo kikuu cha Stockholm, nitakukuta.

Kabla ya hapo nilipita kwa watu wa forodha. Mbwa wao alikuja kwenye mfuko wa dagaa akakaa chini, akagoma kuondoka. Afisa alifungua, akanusa mwenyewe, akaufunga upesi kuliko alivyoufungua, akanipungia mkono nipite. Mbwa alinisindikiza kwa macho.

Treni ilikuwa safi kama zahanati, na kimya hivyo hivyo. Niliingia nikasalimia behewa zima, kama mtu yeyote aliyelelewa. Hakuna aliyeitikia. Mmoja alitazama kama nimepoteza kitu. Basi nikafanya tunalofanya sote tukiwa ugenini: nilimchagua mama mmoja wa rika langu, nikakaa karibu naye, nikamgusa mkono, nikamwambia, 'Stockholm.' Maana yake, kama mnavyojua, nimejikabidhi kwako, tukifika unishushe. Yeye akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akasema Stockholm. Nikaona mambo yamekwisha. Nikaegemea dirisha, nikaangalia misonobari, na kwa kuwa nilikuwa na mtu wangu, nikasinzia.

Nilipoamka mama hakuwepo. Alikuwa ameshuka kwake bila neno, na mji mkubwa wenye maji na minara nilikuwa nimeupita nimefumba macho. Naapa, nilimkasirikia kwa nusu saa. Baadaye Larissa alinieleza kwamba kule mtu akikutajia jina la mji ni kama amekuambia habari tu, nawe unaipokea kwa adabu. Yule mama hakunitupa. Hakujua kabisa kwamba amekabidhiwa mtu.

Södertälje

Treni ilifika mwisho wa njia, watu wote wakashuka, nami nikasimama kwenye jukwaa na taipureta yangu nikijisemea kwa sauti. Kujisemea kukaniokoa. Mwanamume mmoja mwenye sare ya kiwandani, kibegi cha chakula begani, alisimama.

'Mama, unasema Kiswahili? Unatafuta nani?'

Nikamwambia nakwenda Stockholm. Akacheka mpaka akashika magoti.

'Stockholm uliisha kuipita kitambo, mama. Huku ni Södertälje, ni mwisho. Banakungoja wapi? Bon, tutabapigia. Lakini njoo kwanza ukule.'

Ndivyo nilivyomjua Papa Floribert, mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, anayefunga magurudumu kwenye kiwanda cha malori. Alinipigia simu kwa Larissa, akaeleza kwa Kiswidi, kisha akanichukua kwake, mwendo mfupi kwa mguu. Mkewe, Mama Espérance, hakuniuliza mimi ni nani kabla hajanipa sombe, kisamvu kile, na ugali wa muhogo. Nilipotoa dagaa kidogo kwenye mfuko wa Yuditha nikampa, alikaa chini akaziweka mapajani. Alisema za kule huwa zinawafikia zimeshakuwa vumbi. Nilitamani nimwachie mfuko wote, nikamkumbuka mdogo wangu, nikajizuia.

Wakaniuliza mashine ni ya nini, nami nikawasimulia Ezra mpaka kwenye muswada, na aibu yangu juu ya sura ya nane, maana mgeni ni rahisi kumuungamia. Mama Espérance alimpenda Dina kuliko Ezra. Alitaka kujua Dina aliishi wapi alipoachiwa huru, na nani alimpokea. Papa Floribert alikuwa anachokonoa meno.

'Lakini huyu shemeji yako,' akasema, 'aliachia hapo juu ya nini?'

Nikasema labda alisahau mwisho. Akanitazama, akasema mtu anayekumbuka rangi ya farasi wa Ezra hawezi kusahau kura. Swali hilo lilinichoma, kwa sababu kwa miaka yote sikuwahi kujiuliza. Mahakamani mpiga chapa haulizi. Shahidi akisimama kusema, nawe unasimama kupiga, unangoja vidole vikiwa juu ya herufi.

Papa Floribert, mtu aliyetoka zamu, alipanda tena treni akanirudisha mwenyewe hadi Stockholm, akanipitisha kwenye ngazi zinazotembea akiwa amenishika kiwiko, hadi Slussen alipokuwa Larissa. Nilimtambua kwa paji la uso la mama yetu. Alinikumbatia akaniita moster, ambalo ndilo jina la mama mkubwa kwa lugha yao, na akawa analia na kucheka. Tukapanda gari moshi dogo la Saltsjöbanan linalopita kando ya maji kama lisilo na haraka na mtu. Nilimsemesha kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswidi, na kwa namna ambayo siwezi kuieleza tuliongea njia nzima.

Fisksätra, asubuhi nne

Wanakaa kwenye majengo marefu yaliyojipanga, ghorofa ya tatu. Mlangoni unavua viatu, nami soksi yangu moja ilikuwa imetoboka kidoleni. Yuditha alinipokea kwa vigelegele hadi jirani akafungua mlango kuangalia. Wakati dagaa zikikaangwa mlango mwingine ulifunguka, na huyo hakufunga mpaka alipoletewa kisahani.

Shemeji alirudi amechoka. Amekuwa na mvi kichwa kizima. Kazi yake ni kutunza wazee katika nyumba yao, anawaogesha, anawalisha, anawasikiliza wakirudia hadithi ile ile. Nilijiandaa kumwonea huruma, hakunipa nafasi. Aliniita Mheshimiwa Karani, kama zamani, akaniuliza kama bado napiga herufi 'k' kwa hasira. Ila Yuditha alinivuta jikoni akaniambia shemeji hazungumzii tena habari za nyumbani. Warundi wenzake wakija kuongea siasa anakwenda kufua. Larissa anajua kwamba baba yake alikuwa mbunge, na hajui zaidi ya hapo.

Nilipomwambia nilichokuja kufanya akasema haya, tusome. Zamu yake ilikuwa ya mchana, kwa hiyo tulisoma asubuhi, mezani, mimi na miwani yangu, yeye na chai. Na mniamini, alikuwa shahidi bora niliyewahi kumsomea. Alirekebisha pale Ezra alipomwuliza jirani wa Dina maswali kumi na moja mahakamani. Nilikuwa nimeandika kumi. Alitaka ionekane kwamba alipochaguliwa mara ya kwanza alikwenda bungeni siku sita juu ya farasi, na suruali yake nzuri aliivaa nyumba ya mwisho kabla ya mji, isichafuke. Alicheka peke yake pale Ezra anapojisahau bungeni akamwita spika 'baba'. Kila mwisho wa sura alitia sahihi. Nilimtazama akitia sahihi nikamwona wakili, mkono ule ule, na nilifurahi kiasi cha kujisahau kwamba sura ya nane inakuja.

Asubuhi ya tano

Ilikuwa Jumamosi. Yuditha alikuwa amekwenda kazini. Larissa alikuwa mezani nasi, anakula maziwa yake ya mgando na nafaka, anatusikiliza nusu nusu.

Nikasoma. Ezra akasimama. Akawaambia kwamba sheria isiyomjua Dina haimjui mtu yeyote. Wakalia, wakapiga kura, muswada ukapita. Nikaweka karatasi chini na kalamu juu yake, nikaisukuma upande wake. Hakuishika.

'Hii nani aliisema?' akauliza.

'Mimi.'

Nilingoja anifokee. Akacheka taratibu, akanipigapiga mkono, akasema nimemtendea Ezra wema ambao Ezra hakujitendea. Kisha akanieleza yaliyomo katika kitabu cha Kifaransa. Asubuhi ya kura marafiki walimwonya Ezra kwamba akisimama, kiti amepoteza. Jina lake lilipokaribia kuitwa alitoka nje kwenda kuangalia farasi wake. Muswada ukaanguka. Ezra akabaki mbunge miaka mingi, akaheshimiwa, akazeeka. Alipokuwa mzee aliandika katika barua kwamba farasi siku ile hakuwa na tatizo lolote.

Nilimkasirikia Ezra kana kwamba amenikosea mimi. Nikamwuliza shemeji, kwa nini hukuniambia Kigoma? Ningeandika. Kwa nini umeniacha na mtu amesimama mlangoni miaka yote hii?

Akaniambia niweke karatasi mpya. Nikaweka. Alianza na Ezra, na farasi, na barua, akamaliza, nikadhani sura imekwisha. Lakini hakuwa amemaliza. Alisema, ongeza chini, haya ni ya mtunga sheria mwingine.

Akasema kwamba siku moja bungeni kwao mwenzake mmoja alisimamishwa, akasemwa kwa aliyofanya na asiyofanya, wakataka kinga yake ya ubunge iondolewe akamatwe. Karatasi za kumtetea zilikuwa ndani ya mkoba wa Gervais, alizipanga mwenyewe usiku uliotangulia. Ilipokaribia zamu yake ya kusema alinyanyuka, akatoka kwenda kupiga simu. Aliporudi kiti cha mwenzake kilikuwa kitupu, na hakumwona tena, wala mtu mwingine hakumwona.

'Hakukuwa na mtu wa kumpigia,' akasema. 'Andika hivyo. Nilishika simu, sikupiga.'

Vidole vyangu viliandika. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia, na sioni tatizo kuwaambia. Larissa alikuwa ameacha kijiko ndani ya bakuli.

Nikamsomea tena yote, polepole, kama inavyotakiwa. Nilipomaliza nikamsukumia kalamu. Akatikisa kichwa.

'Bado. Hukuweka jina lake.'

'Hukunitajia.'

Akalitaja, la ukoo na la ubatizo, akanitajia herufi moja moja nisikosee. Larissa akauliza kitu kwa Kiswidi, maneno matatu, na hata mimi nilielewa kwamba anauliza huyo alikuwa nani.

'Alikuwa anakaa kushoto kwangu,' baba yake akamjibu. 'Kila asubuhi alinimegea mkate wake, kwa sababu alijua usiku ni mimi niliyeamka kukubembeleza, nikatoka bila kula.'

Larissa alihamia kiti cha karibu naye. Shemeji akatia sahihi. Ndiyo, ndugu zangu, sahihi ipo, na sura ya nane nitakayowawekea mezani ndiyo hiyo, si ile mliyoizoea. Najua baadhi yenu mtasikitika. Mnikasirikie mimi niliyewadanganya, Ezra na shemeji muwaache.

Nilichukua ile sura yangu niichane. Shemeji akaweka kiganja juu yake.

'Hii niachie, Mheshimiwa Karani,' akasema. 'Siitii sahihi, si yangu. Lakini nataka niwe naisoma siku moja moja, namna alivyosimama.'

Nikamwachia.